Nchi Ambayo Kila Mzee Ameelewa

Habari za njia nitaziruka. Kila msafiri anadhani safari yake ilikuwa ndefu kuliko za wenzake, na mimi sina muda huo. Itoshe kusema kwamba nilifika Elewani Jumatatu asubuhi, miguu imevimba na njaa inauma, nikapokelewa vizuri kuliko nilivyostahili.

Jina langu ni Havijawa binti Sururu. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi wa mizani. Nikiingia sokoni, wauza nyama walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana msiba mahali. Kazi ile imeniharibu tabia, nakiri: siamini kitu mpaka nimekipima mwenyewe, na mdomo wangu hauna breki. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani, asije akanilaumu baadaye.

Kwa sheria ya Elewani, mgeni aliyepita miaka sitini halali hotelini. Anakaa mtaani na wazee wenzake. Nikapelekwa kwa Bi Siwatu, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miaka sabini na miwili na mikono isiyotulia, na mumewe Mzee Mauridi, fundi cherehani mstaafu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, uani kuna jiko na kamba ya nguo, na ukutani, mahali ambapo kwetu tungetundika picha ya harusi, palikuwa na kadi nene yenye mihuri ya buluu kumi na mbili.

"Hiyo ndiyo Kadi ya Uelewa," Bi Siwatu aliniambia kwa fahari. "Muhuri mmoja kila mwaka tangu nitimize sitini. Sijakosa hata mmoja. Na ya mzee ile pale, kumi na tano."

Mzee Mauridi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba. Aliniinulia mkono, akanikaribisha kwa maneno mazuri, ila polepole, kama mtu anayetafuta tundu la sindano. Aliposimama kwenda msalani, alishika ukuta. Akasimama kidogo, akafumba macho, ndipo akaendelea. Bi Siwatu alimfuata kwa macho mpaka alipofika mlangoni, halafu akacheka bila sababu.

"Ni uzee tu," alisema.

Mimi mwenyewe nina sitini na sita, na neno hilo huwa linanikera.

Kesho yake alikuwa anakwenda zahanati kuchukua dawa za mumewe, nikafuatana naye. Zahanati yenyewe ni jengo zuri lenye ukumbi mpana mbele. Ndani alikaa Daktari Tegemea, kijana wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Watu tisini walikuwa wanamsubiri, na kazi ilitakiwa iishe kabla ya saa saba. Si mtu mbaya yule, nataka hilo lieleweke. Lakini alizungumza kwa pumzi moja, mkono mmoja unaandika, mwingine unashika muhuri. Kila alipomaliza na mgonjwa aliuliza neno moja: "Umeelewa?"

Na mgonjwa alijibu kabla wino haujakauka: "Nimeelewa."

Muhuri ukagongwa kwenye karatasi ya dawa. Mwingine akaingia.

Nilisimama mlangoni nikahesabu. Wazee ishirini na saba walipita mbele yangu, na wote ishirini na saba walielewa. Nilistaajabu sana. Kwetu hata kuelekeza watu wawili choo kilipo ni kazi ya nusu saa.

Tulipotoka nje ndipo nilipoona maajabu. Wale walioelewa hawakuondoka. Walikuwa wamejaa pale ukumbini, kila mmoja na bahasha yake ya dawa mkononi, wananong'onezana.

"Wewe kakwambia nini?"

"Sikumsikia vizuri. Wewe je?"

"Mimi kanipa hizi za njano. Ulishawahi kupewa za njano?"

"Za njano nilipewa mwaka juzi, za tumbo. Nilikuwa nameza nikiumwa."

"Basi na mimi nitameza nikiumwa."

"Unaumwa nini?"

"Goti."

Akafurahi, akaenda zake. Hivyo ndivyo ilivyo desturi ya Elewani: mambo ya afya huelezwa ndani na hukisiwa nje. Nje kuna wataalamu wao. Mama mmoja mnene, mjane, aliheshimika sana kwa kuwa alikwisha kumeza dawa za rangi zote. Watu walimpangia foleni ndefu karibu sawa na ile ya daktari.

Bi Siwatu alinionyesha karatasi yake. Elewani kuna Kamati ya Lugha Nadhifu, na hakuna karatasi ya hospitali inayotoka bila kupita kwake. Niliivaa miwani yangu, nikasoma: *Mlengwa ajiepushe na ulaji uliokithiri wa sodiamu, sambamba na kuzingatia ufuasi endelevu wa tiba.*

"Umeelewa?" nilimuuliza, kwa masihara.

Alinijibu hapohapo, sauti kavu, mgongo umenyooka: "Nimeelewa." Kisha akatazama huku na huku, akaniinamia. "Shoga, hiyo sodiamu sijawahi kuiona hata sokoni. Nadhani ni chakula cha ng'ambo. Kwa hiyo tumejiepusha nayo vizuri sana."

"Ni chumvi, Bi Siwatu."

"Chumvi?" Aliguna. "Sasa si waseme chumvi?"

"Si uwaulize?"

Alinishika mkono kwa nguvu, akanivuta mpaka tukatoka kabisa nje ya uwanja wa zahanati. Uso wake ulikuwa umebadilika. Pale barabarani, akitembea haraka, akanieleza sheria ambayo watu wa nchi ile hawaitaji kwa sauti.

Mtu aliyetimiza miaka sitini akisema *sijaelewa*, mahali popote panapohusu afya yake au ya mwenzake, jina lake linaandikwa katika Daftari la Wasioelewa. Mzee asiyeelewa, kwa fikra za serikali yao, ni hatari kwake mwenyewe. Hawezi kuachwa kwenye nyumba yake, na jiko lake, na dawa zake. Anahamishiwa Nyumba ya Utulivu, kule mlimani, kwa usalama wake. Watoto na marafiki wanaruhusiwa kumtembelea Ijumaa. Kurudi hakuna.

"Na mwaka mzima ukipita salama," aliendelea, "inakuja Siku ya Kuitika. Msajili anapita nyumba kwa nyumba. Anauliza mara moja tu. Unatakiwa uitike papo hapo, kwa sauti yenye nguvu. Ukichelewa, ni kama umesema hujaelewa."

"Siku hiyo ni lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo."

Nikamkumbuka Mzee Mauridi akishika ukuta, akitafuta maneno. Nikaelewa kwa nini Bi Siwatu alikuwa anacheka bila sababu.

"Miezi mitatu iliyopita alikuwa mzima," alisema. "Alikuwa anakwenda mwenyewe kununua gazeti, anarudi anabishana na gazeti. Sasa kichwa kinamzunguka, anasinzia mchana, nikimwita anachelewa kuitika. Watamchukua, Bi Havijawa. Watanichukulia mume wangu, na mimi nimeishi naye miaka arobaini na tisa."

Nilitaka kumwambia usijali, lakini sijui kusema nisichokiamini. Nikamshika bega tukaenda hivyo mpaka nyumbani.

Jumatano, kwa kuwa mgeni ana haki ya kusikiliza, nilikwenda kwenye Baraza Kuu la Afya. Nilikaribishwa na Msajili wa Maelewano, Bwana Ngwali. Nilitegemea kuona dubwana, nikakuta bwana mmoja mpole, amechomekea shati, ananukia vizuri, anauliza hali ya kila mtu na ya watoto wake.

Alipigiwa makofi alipotoa taarifa ya mwaka. Wazee wanaoishi mitaani wenye uelewa wa mambo ya afya: asilimia mia moja. Mwaka uliopita: mia moja. Mwaka kabla ya huo: tisini na tisa na nukta tisa, kasoro ambayo ilishughulikiwa.

Nikanyoosha mkono. "Bwana Msajili, mmepimaje?"

"Tumewauliza, mama."

"Mmewauliza nini?"

"Kama wameelewa."

"Na wale walio kule mlimani?"

"Ah, wale hawaishi mitaani," alinifafanulia kwa upole, "kwa hiyo hawamo katika hesabu."

Nikaketi. Mimi nimewahi kumkuta mtu ameficha sumaku chini ya mizani, lakini yule angalau alijua anaiba.

Baada ya hapo ukafuata mjadala. Mjumbe mmoja, mwanamke wa makamo, alipendekeza karatasi za dawa ziandikwe kwa herufi kubwa zaidi. Ukumbi ulichafuka. Mjumbe wa kwanza alisema herufi kubwa ni matusi kwa watu ambao wamekwisha kuelewa herufi ndogo. Wa pili akauliza, kama wazee watapewa herufi kubwa leo, kesho watadai nini? Picha? Mwenyekiti wa Kamati ya Lugha Nadhifu alisimama, akasema kwa uchungu kwamba kamati yake ilikesha siku nne kulipata neno *ufuasi*, na hataona likipanuliwa kama ubao wa duka. Hatimaye walikubaliana kwamba, kwa kuwa uelewa umefika asilimia mia, herufi zipunguzwe kidogo ili kuokoa karatasi. Yule mwanamke aliulizwa kama ameelewa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alisema ameelewa.

Nilirudi nyumbani damu inanichemka. Bi Siwatu alikuwa anachambua mchele. Mzee Mauridi amesinzia kwenye kiti chake, kidevu kimegusa kifua.

"Sikiliza," nilimwambia. "Mimi sikuwahi hata siku moja kumuuliza muuza nyama kama mizani yake ni sawa. Ningemuuliza, wote wangesema ni sawa, na kila mtu angekula pungufu. Nilikuwa naweka jiwe langu juu, naangalia mshale. Sasa na wewe sikuulizi kama umeelewa. Leta dawa za mzee, uniwekee hapa mkekani, unionyeshe unavyompa."

Alisita. Aliangalia dirishani. Halafu akasimama, akaleta kopo la biskuti, akalimwaga mkekani kwa uangalifu.

Ndani mlikuwa na bahasha mbili. Moja ina vidonge vyeupe, nyingine ina vidonge vya waridi. Akatenga kimoja cheupe na kimoja cha waridi. "Hivi asubuhi." Akatenga tena. "Hivi jioni, baada ya kula. Sijawahi kumkosesha hata siku moja, wallahi."

"Hivi vyeupe ni vya nini?"

"Vya presha. Anameza miaka sita sasa."

"Na vya waridi?"

Alikigeuza kimoja kidoleni. "Walinipa miezi mitatu iliyopita. Nadhani ni vya kusaidia vile vyeupe."

"Nani alikwambia?"

"Yule mama wa ukumbini."

"Na daktari alisema nini?"

"Alisema maneno, shoga. Maneno mengi. Halafu akaniuliza kama nimeelewa."

Miezi mitatu. Tulitazamana. Mimi si daktari na sikujifanya daktari, lakini hesabu ile hata mtoto angeijumlisha. Bi Siwatu aliziba mdomo kwa kanga.

"Mungu wangu. Ni mimi?"

"Hatujui bado."

"Ni mimi ninayempa! Kila siku, kwa mkono wangu huu!"

"Hatujui bado, nimesema. Na ndiyo maana lazima mtu aulizwe."

Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda zahanati peke yangu. Nilidhani nitalimaliza jambo lile, maana mgeni anaruhusiwa kutoelewa; Elewani wanaamini wageni wote ni wajinga na hawawaandiki popote. Daktari Tegemea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, siwezi kukueleza dawa za mtu mwingine. Ni siri ya mgonjwa. Aje mwenyewe, au mkewe."

"Mkewe akija akauliza, mtamwandika."

"Mimi sipendi," alisema, akiangalia meza. "Lakini karani wa Daftari yuko hapo nje anasikia. Ni sheria."

"Basi mwambie karani akanywe chai."

Nusura acheke. Lakini mlango ulikuwa wazi, na karani alikuwa ameinua kichwa. Nikatoka nimenuna, nikiwa sina jipya.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa nzito. Bi Siwatu hakuthubutu kuacha vidonge vya waridi, maana huenda ndivyo vilivyokuwa vinamweka hai mumewe. Hakuthubutu kuacha vyeupe, maana vilimtunza miaka sita. Aliendelea kumpa vyote. Nilimwona mara mbili ameketi jikoni, kopo lile mapajani, hafanyi kitu. Mzee Mauridi naye alijua. Jumanne alinigeukia akaniambia, polepole, "Mgeni, huwa najizoeza. Nimeelewa. Nimeelewa. Lakini neno linafika limechelewa." Akatabasamu kwa aibu, na mimi nikajifanya natafuta miwani.

Ikafika Ijumaa. Mtaa ulifagiliwa. Wazee walikaa milangoni wamevaa nguo safi, migongo imenyooka. Bwana Ngwali alikuja na daftari jekundu chini ya kwapa, na kwa mujibu wa sheria aliandamana na daktari wa eneo. Kutoka nyumba za jirani tulisikia: *Mmeelewa?* na jibu papo hapo, mke na mume kwa pamoja, *Tumeelewa!* na muhuri, ko! Kisha hatua zikaja kwetu.

Tulisalimiana. Tuliulizana hali. Bwana Ngwali alikubali maji ya kunywa, akayasifu. Mzee Mauridi alikuwa amekaa kitini, mikono imeshika magoti, midomo inacheza kimyakimya.

"Haya, wazee wangu," Msajili alisema, akatoa muhuri. "Nitaanza na bi mkubwa. Bi Siwatu, umeelewa?"

Bi Siwatu alisimama. Mihuri kumi na mbili ilikuwa nyuma yake ukutani.

"Sijaelewa," alisema.

Hata nje, nyumba ya pili, watu waliacha kuongea.

"Bi mkubwa," Bwana Ngwali alisema haraka, kwa sauti ya chini, "pengine hukunisikia vizuri. Naweza kurudia swali."

"Nimekusikia, baba. Sijaelewa." Aliingia ndani, akarudi na kopo. Hakumgeukia Msajili tena. Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Tegemea, akaweka vidonge viwili kwenye kiganja chake. "Mwanangu, nimpe vyote viwili, au kimoja? Na kama ni kimoja, kipi? Nimekaa miezi mitatu na swali hili. Nijibu, tafadhali."

Daktari alivitazama. Akaomba bahasha. Akasoma, akageuza, akasoma tena. Akatoa kipimo cha presha kwenye mkoba wake, akamfunga Mzee Mauridi mkononi, akapima. Akapima mara ya pili. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Ni dawa moja," alisema hatimaye.

"Moja vipi?"

"Dawa ileile, mama. Kiwanda kilibadilika, rangi ikabadilika. Zilipokuja za waridi ulitakiwa uache nyeupe. Anameza dozi mara mbili. Presha yake imeshuka mno, ndiyo maana kichwa kinamzunguka. Acha nyeupe. Kuanzia sasa hivi. Na kesho mnilete nimwone tena."

"Ulinieleza niache nyeupe?"

Angeweza kusema ndiyo. Nani angembishia?

"Waraka wa mabadiliko ulikuja kwetu na fomu," alisema. "Tuliambiwa tutie sahihi kwamba tumeelewa. Nilitia sahihi. Siku ile nilikuwa na wagonjwa mia moja na kumi. Waraka wenyewe sikuusoma. Nisamehe, mama."

Bi Siwatu aliketi sakafuni palepale, akalia kwa sauti. Sijui kama alilia kwa uchungu au kwa nafuu. Nadhani yeye mwenyewe hakujua.

Bwana Ngwali alisubiri kwa adabu mpaka alipotulia. Kisha akafungua daftari jekundu.

"Ala!" nilisema. "Bado unaandika? Huoni kilichotokea hapa? Swali moja limemwokoa mtu!"

"Naona, mama. Nimefurahi sana kwa ajili ya mzee." Na kweli alikuwa amefurahi, machozi yalimlengalenga. "Lakini amesema neno, na mashahidi wamesikia. Nikimwacha huyu, nitamwambia nini aliyechukuliwa mwaka jana?"

"Bi mkubwa," alimwambia Bi Siwatu, akiandika, "ungesema tu umeelewa."

"Ningesema nimeelewa," alijibu kutoka pale sakafuni, "ningemzika."

Walimpa mpaka saa kumi afunge mzigo wake. Mzee Mauridi, kwa kuwa alithibitishwa kuwa mgonjwa, kuitika kwake kuliahirishwa wiki mbili. Alimsindikiza mkewe mpaka mlangoni akishika ukuta, na gari lilipoondoka alibaki amesimama pale mpaka nilipomshika mkono nikamwingiza ndani.

Nilibaki kumtunza. Nilimpa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, cha waridi, kama daktari alivyosema, na chumvi nikaipunguza mpaka akalalamika kwamba ninampikia kama ninampikia adui. Nikajua anapona. Siku ya nne aliacha kushika ukuta. Siku ya saba alikwenda mwenyewe kununua gazeti. Alirudi, akalikunjua, akaanza kubishana nalo. Halafu akageuza uso kuelekea jikoni kumwambia mtu jambo, akakumbuka, akalikunja gazeti. Kwa siku tatu hakulifungua tena.

Ijumaa ya pili nilikwenda mlimani kumtazama Bi Siwatu. Nilitegemea kukuta mahali pa huzuni. Nilikuta ukumbi una kelele kama soko. Wazee wa kule, kwa kuwa jina likishaandikwa haliandikwi mara mbili, waliuliza kila kitu. Hii ni ya nini? Nikisahau nifanye nini? Ukisema kidogo, kidogo ni kiasi gani, nionyeshe kwenye kijiko! Muuguzi wao alijibu, alirudia, alicheka nao. Wengi walikuwa na afya njema kuliko wale wa mtaani. Nilimwambia Bwana Ngwali, ambaye Ijumaa za kawaida huketi pale na daftari lake kupokea wapya, kwamba ana hazina asiyoihesabu. Alinijibu kwamba ameliona hilo, na kwamba linawasumbua wakuu wake.

Lakini Bi Siwatu hakutaka hazina. Alikuwa amekonda. Aliniuliza mzee amekula nini, analala saa ngapi, shati la michirizi nimelifua? Kisha akasema, "Sijutii, Bi Havijawa. Ningeulizwa leo ningesema vilevile. Ila nataka nyumbani kwangu. Nataka kulala kwangu na mume wangu."

Ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia Mzee Mauridi. Alikuwa amepanda mlima ule kwa miguu. Amevaa koti alilojishonea mwenyewe zamani, amekumbatia furushi la nguo na mto. Alikwenda mpaka mezani kwa Msajili, akasimama wima.

"Mzee wangu!" Bwana Ngwali aliinuka kwa furaha. "Umepona kabisa! Hukuwa na haja ya kuja huku, ningekuja nyumbani kwako kesho. Haya, tumalize, upate muhuri wako wa kumi na sita urudi ukapumzike. Umeelewa?"

"Sijaelewa."

Neno lilitoka papo hapo, kwa sauti yenye nguvu, kama sheria inavyotaka.

Bwana Ngwali aliketi. Alitazama huku na huku, akamwinamia. "Mzee, nakuomba. Umepona. Una nyumba yako. Sema umeelewa. Nakuomba kama mwanao."

"Mwanangu, nimejaribu," alisema Mzee Mauridi. "Nimekaa wiki mbili nafikiri, na kichwa sasa ni kizima, hakizunguki. Nimefikiri nimefika mwisho. Mke wangu aliuliza swali ili nisife, kwa hiyo yeye alale huku na mimi nilale kule. Sijaelewa. Andika."

Msajili hakuandika. Alishika kalamu, akaiweka chini. Mzee Mauridi aliisogeza kalamu ile taratibu kwa kidole mpaka ikagusa mkono wake.

"Andika, baba. Nimechoka kusimama."

Akaandika. Mimi niliyefungia watu maduka bila kupepesa macho, nililia wazi mbele za watu. Bi Siwatu alikuwa ameshainuka. Alimfikia mumewe, akampokonya furushi, akamtazama toka juu mpaka chini, machozi yanamtiririka, akamfokea.

"Mwanamume wewe, mlima wote ule kwa miguu, na jua hili! Hata kofia hukuvaa?"